Kamera majini: jinsi samaki wanavyohesabiwa bila kutupa wavu

Kuhesabu ni kazi ya kila siku katika Kaunti ya Kajiado. Ng'ombe huhesabiwa wakitoka bomani alfajiri, wakifika kwenye birika la maji mchana, na tena wakirudi jioni. Mchungaji mzoefu hata hana haja ya kutaja namba: akilitazama kundi anajua ni yupi hayupo. Samaki hawana boma wala mchungaji. Wako chini ya maji, wanahama, wanajificha, na anayekwenda kuwahesabu huwatisha kabla hajaanza. Ndiyo maana kwa muda mrefu hesabu ya samaki imekuwa hesabu ya waliokwisha kufa, yaani wale walioingia kwenye wavu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 njia nyingine imeenea duniani, ikianzia zaidi Australia na New Zealand: kamera ya video hutumbukizwa majini, huachwa peke yake kwa muda maalumu, kisha hutolewa na watu huketi kuitazama. Makala haya yanaeleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi, imeonyesha nini katika Pwani ya Kenya, na inaweza kutusaidia wapi hapa kwetu.

Mkaazi wa Kitengela anaweza kuuliza hili linamhusu nini, maana bahari iko mbali. Jibu liko Magadi. Ndani ya kaunti hii kuna samaki ambaye kiasili hapatikani mahali pengine popote duniani, na anaishi katika vidimbwi ambavyo ungeweza kuvizunguka kwa miguu asubuhi moja. Samaki wa namna hiyo hatakiwi kuhesabiwa kwa kuuawa.

Wavu unachagua

Tuanze na tatizo la njia ya zamani. Wavu una macho ya kipimo fulani. Samaki mdogo anapita, mkubwa mno anagonga na kurudi, wa katikati ananaswa. Ukitumia wavu wa macho makubwa utasema ziwa lina samaki wakubwa tu. Ukitumia wa macho madogo utasema limejaa vifaranga. Isitoshe, wavu hauingii kwenye mawe, kwenye mizizi ya mikoko wala kwenye matumbawe bila kuraruka au kuharibu kitu, na huko ndiko samaki wengi waliko.

Njia ya pili ni mpiga mbizi kushuka na ubao wa kuandikia na kuhesabu kwa macho. Inatumika sana Pwani na ni njia nzuri. Lakini mtu ana pumzi ya kiasi, hawezi kushuka kina kirefu kwa muda mrefu, na mapovu yake hufukuza samaki waoga huku yakivuta wadadisi. Samaki waliozoea kuwindwa kwa mkuki humkimbia binadamu mapema zaidi. Kwa hiyo mahali penye uvuvi mwingi panaweza kuonekana patupu kuliko palivyo.

Kamera haipumui. Ikikaa chini dakika chache, samaki huichukulia kama jiwe.

Wakenya wamekuwa wakitazama samaki kupitia kioo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika chemchemi za Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, kuna chumba kilichojengwa ndani ya maji ambamo mgeni husimama na kuona samaki wakipita mbele ya macho yake. Hapo hapo Mzima ndipo Alan Root na mkewe Joan walipopiga filamu ya viboko, mamba na samaki chini ya maji zaidi ya miaka 50 iliyopita. Maji ya Mzima ni maangavu kwa sababu ni mvua ya Milima ya Chyulu iliyochujwa na miamba ya volkano, na sehemu ya Chyulu ni ya Kajiado, kama watu wa Loitokitok wanavyojua vizuri. Lakini filamu si hesabu. Mpiga filamu hutafuta tukio zuri, naye mtafiti hutafuta utaratibu ule ule unaorudiwa mahali pengi, hata pale ambapo kwa saa nzima hakuna kinachopita ila mchanga.

Kifaa chenyewe

Kifaa ni cha kawaida kiasi kwamba fundi wa kuchomelea wa Kitengela anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Ni fremu ya chuma yenye miguu, kamera ndogo ndani ya kasha lisiloingiza maji, na ufito unaotokeza mbele kama mita moja na nusu. Mwisho wa ufito hufungwa mfuko wa wavu wenye chambo, kwa kawaida samaki wa mafuta waliopondwa kama dagaa, uzito wa kilo moja hivi. Kamba hupanda juu hadi kwenye boya. Chombo hushusha fremu, huondoka, na hurudi baada ya saa moja au zaidi kidogo.

Chambo kina kazi ile ya harufu ya maji kwa mifugo iliyotembea siku nzima. Mkondo huchukua harufu na kuipeleka mbali, na samaki walio upande unaopelekewa harufu hugeuka kuja. Bila chambo kamera huona wale tu waliokuwa wakipita hapo. Kukiwa na chambo huona zaidi, hasa samaki walao nyama kama tewa, changu na papa. Lakini hapo tayari kuna upendeleo. Samaki alaye majani hana haja na dagaa, na samaki mdogo akimwona tewa mkubwa kando ya mfuko huondoka zake. Kwa hiyo kuna kamera za chambo na kamera zisizo na chambo, na matokeo ya moja hayachanganywi na ya nyingine.

Watafiti wengine hufunga kamera mbili bega kwa bega, zikitazama mahali pamoja kwa pembe tofauti kidogo. Ni kanuni ile ile ya macho mawili: jicho moja halikadirii umbali vizuri, mawili yanaweza. Kwa kamera mbili zilizopimwa sawasawa, programu ya kompyuta huweza kutoa urefu wa samaki kutoka kwenye picha. Urefu ni taarifa yenye thamani kubwa. Samaki mia moja wadogo na samaki mia moja waliokwisha kufikia umri wa kuzaa ni hali mbili tofauti kabisa za ziwa, ingawa idadi ni moja.

Kwa nini 15 na si 35

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na ndipo inafaa tukae kidogo.

Tuseme umesimama kwenye birika la kunyweshea mifugo lakini huwatambui ng'ombe mmoja mmoja. Saa nne wanakuja 10, wanakunywa, wanaondoka. Baadaye wanakuja 7. Kisha 15 kwa pamoja. Mwisho 3. Ukijumlisha unapata 35. Lakini je, wale 7 hawakuwa miongoni mwa wale 10 waliorudi? Huwezi kujua. Unachoweza kuapa nacho ni kimoja tu: ulipoona 15 kwa wakati mmoja, walikuwa ng'ombe 15 tofauti, maana ng'ombe mmoja hawezi kusimama mahali pawili.

Ndivyo video inavyosomwa. Kwa kila spishi, msomaji hutafuta sekunde ambayo samaki wengi zaidi wa spishi hiyo walionekana pamoja kwenye picha moja, na hiyo ndiyo namba inayoandikwa. Ikiwa ni 15, huandikwa 15, hata kama katika saa nzima spishi hiyo ilipita mbele ya kioo mara 200. Ni hesabu ya tahadhari. Haisemi ziwa lina samaki 15. Inasema mahali hapa, kwa saa hii, walikuwapo angalau 15. Ukitumia kanuni hiyo hiyo mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tatu, mahali pale pale na msimu ule ule, namba hizo huanza kusema kama samaki wanaongezeka au wanapungua.

Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti inayosema kamera zimethibitisha kuwa ziwa fulani lina samaki 12,400, mwulize alivyopata namba hiyo. Kamera peke yake haiwezi kuitoa.

Gharama kubwa haiko kwenye kifaa. Iko kwenye kusoma. Saa moja ya video yenye samaki wengi inaweza kumchukua mtu aliyefunzwa saa kadhaa, akirudisha nyuma, akisimamisha picha, akilinganisha mapezi na madoa. Programu za kompyuta zinazojifunza kutambua samaki zinasaidia zaidi kila mwaka, lakini bado zinahitaji mtu wa kuzikagua, hasa kwa spishi ambazo picha zake ni chache.

Papa watatu kwa saa 800

Mfano unaowahusu Wakenya moja kwa moja ni utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa Global FinPrint. Kamera za chambo zilishushwa kwenye miamba ya matumbawe 371 katika nchi na maeneo 58, na zaidi ya saa 15,000 za video zikasomwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Julai 2020. Katika karibu moja kwa tano ya miamba yote iliyochunguzwa, papa hawakuonekana kabisa.

Kenya ilikuwa miongoni mwa mahali sita ambapo hali ilikuwa mbaya zaidi, pamoja na Jamhuri ya Dominika, Vietnam, Qatar na visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa na Uholanzi. Katika miamba 69 ya mahali hapo sita, zaidi ya saa 800 za kamera zilionyesha papa watatu tu. Watatu kwa wote sita, si kwa kila mmoja.

Tuwe waangalifu na maana yake. Haina maana kwamba papa wameisha katika maji ya Kenya. Wavuvi wa Pwani bado huwaleta ufukweni, wengine kutoka maji ya kina. Ina maana kwamba kwenye miamba, mahali ambapo papa walikuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya bahari, sasa ni wachache kiasi kwamba kazi yao pale haifanyiki. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba mahali penye hifadhi zinazosimamiwa na sheria za zana za uvuvi zinazofuatwa, papa walikuwa wengi zaidi. Hitimisho kama hilo lisingepatikana kwa wavu, kwa kuwa huwezi kwenda kuvua papa katika nchi 58 ili kujua kama wamebaki.

Makazi tofauti, samaki tofauti

Jambo lililoipa kamera heshima zaidi kwa watafiti ni kwamba inaingia kila mahali. Fremu ile ile hukaa juu ya mwamba wa matumbawe, katikati ya nyasi za bahari, kwenye mchanga mtupu, na kandokando ya mikoko. Mahali kama Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, makazi hayo yote yako karibu karibu, na samaki hayatumii kwa usawa. Spishi nyingi zinazovuliwa mwambani zikiwa kubwa hukulia kwenye nyasi za bahari au kwenye mikoko zikiwa changa. Ukipima mwamba peke yake utaona wazazi, lakini hutajua watoto wanakulia wapi. Nyasi zikiharibiwa leo, mwamba utaonekana mzima kwa miaka michache, kisha uanze kupungukiwa bila sababu inayoonekana.

Kulinganisha makazi kuna mitego yake. Kwenye mchanga kamera huona mbali. Kwenye nyasi ndefu huona hatua mbili tatu, na samaki aliyelala katikati ya majani haonekani hata akiwa karibu na kioo. Kwenye mikoko maji hubadilika rangi na bamvua. Ukiona samaki 30 mchangani na 8 kwenye nyasi, hujathibitisha kwamba mchanga una samaki wengi zaidi. Huenda umethibitisha tu kwamba mchangani kuna mwanga. Mtafiti makini hupima umbali ambao kamera inaona kila inaposhushwa, hurekodi saa, kina na mkondo, na hulinganisha vilivyo sawa na vilivyo sawa. Samaki wa usiku hawamo kabisa kwenye video za mchana.

Katika maji baridi, Ziwa Tanganyika limekuwa uwanja mzuri wa njia hii kwa sababu maji yake ni maangavu na spishi zake nyingi zimejigawia makazi kwa ukali: za mawe hukaa kwenye mawe, za mchanga kwenye mchanga. Huko watafiti wametumia kamera ndogo za bei nafuu, bila chambo, zikiwa zimepangwa kwenye mstari chini ya maji.

Samaki wa Magadi

Sasa turudi nyumbani. Neno magadi kila mpishi analijua; ndiyo ile chumvichumvi inayotiwa kwenye maharagwe yaive upesi. Ziwa lenyewe limejaa kitu hicho, na sehemu kubwa ya uso wake ni ganda jeupe ambalo limechimbwa kwa biashara tangu miaka ya 1910. Katikati ya ganda hilo hakuna samaki. Samaki wako pembeni, mahali chemchemi za moto zinapotoka ardhini na kutengeneza vidimbwi na vijito kabla maji hayajafika kwenye ganda.

Kwa wanasayansi anaitwa Alcolapia grahami. Ni wa ukoo wa tilapia, mdogo, kwa kawaida hafikii urefu wa kidole kirefu cha mkono, na jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Maji anamoishi yana kipimo cha pH cha karibu 10. Bahari ina 8 hivi, na kwa kuwa kila hatua ya kipimo hicho ni mara kumi, Magadi ni kali kuliko bahari kwa mara mia moja hivi. Joto katika baadhi ya chemchemi hupita nyuzi 40 za selsiasi. Tilapia wa kawaida wa kidimbwi cha Kitengela akitiwa humo hatadumu.

Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia mashavu. Katika maji ya Magadi amonia haitoki kwa urahisi, ingemwua. Kwa hiyo huyu huigeuza kuwa urea, kama binadamu anavyofanya kwenye mkojo, jambo lililoelezwa katika jarida la Nature mwaka 1989. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi kwenye chemchemi za Magadi walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba mwili wake huunguza nguvu kwa kasi inayokaribia ya mnyama mdogo anyonyeshaye, na kwamba anaweza kustahimili joto la zaidi ya nyuzi 45 kwa muda mfupi. Hakuna samaki mwingine aliyepimwa akiwa na kasi hiyo. Maelfu ya miaka iliyopita Magadi na Natron yalikuwa ziwa moja kubwa; maji yalipopungua samaki walitengana, na ndugu zake wa Natron leo ni spishi nyingine.

Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi yao walipelekwa Ziwa Nakuru kupunguza mbu. Walizaana, na wakavuta mwari na ndege wengine walao samaki. Lakini makao yao ya asili ni Magadi tu, na IUCN imewaweka kwenye orodha ya spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha pia kwamba samaki wa vidimbwi mbalimbali, hasa wale wa Magadi Ndogo, wametofautiana. Kwa lugha ya mfugaji, si kundi moja lililotawanyika. Ni makundi kadhaa yasiyochanganyika sana. Chemchemi moja ikikauka, ikijaa tope au maji yake yakielekezwa kwingine, hasara haifidiwi na samaki wa kidimbwi cha pili.

Kwa sababu hiyo Magadi inahitaji hesabu inayorudiwa, kidimbwi kwa kidimbwi, na kamera inafaa zaidi ya wavu. Vidimbwi ni vya kina kifupi, na palipo na chemchemi maji huwa maangavu. Kukokota wavu huko huvuruga matope, huwaweka samaki kwenye joto na mshtuko kwa pamoja, na jike aliyekamatwa mara nyingi hutema vifaranga.

Lakini njia ya Pwani haiwezi kuhamishiwa Magadi vilevile ilivyo. Kwanza, chambo cha dagaa hakina maana. Samaki huyu hula zaidi ukoga wa kijani unaoota kwenye mawe na tope, kwa hiyo kamera iwe bila chambo. Fremu ya kilo nyingi nayo haihitajiki. Kijiti na kamera ndogo vinatosha, na ni vizuri mtu asiingie majini kabisa. Pili, makazi yagawanywe: mdomo wa chemchemi penye joto kali, kijito kinachotoka, kidimbwi kilicho wazi, na ukingo penye majani. Samaki hawakai sawa katika sehemu hizo, na huhama kadiri siku inavyosonga. Usiku hewa ndani ya maji hupungua sana, mchana huongezeka. Samaki hupanda hata juu kuvuta hewa. Namba ya saa mbili asubuhi haiwezi kulinganishwa na ya saa nane mchana.

Tatu ni kifaa chenyewe. Kamera nyingi ndogo hazikuundwa kwa maji ya nyuzi 40, hupata joto na kujizima, wakati mwingine bila mtu kugundua hadi jioni. Magadi hula chuma, kwa hiyo kila kitu kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tu kinapotolewa. Na samaki wakiwa mamia kwenye picha moja, kuwahesabu mmoja mmoja kunachosha jicho. Pengine picha zinazochukuliwa kila baada ya sekunde kadhaa ni bora kuliko video ndefu.

Mahali kamera haisaidii

Mto Mbagathi, unaopita mpakani mwa Mbuga ya Nairobi upande wetu, hauonyeshi kitu mvua ikinyesha. Maji ni ya kahawia, na kamera itarekodi saa nzima ya rangi hiyo. Kwenye mito ya namna hiyo watafiti hutumia nyavu, au mkondo hafifu wa umeme unaowalewesha samaki kwa muda mfupi, au huchukua chupa ya maji na kutafuta ndani yake chembe za vinasaba ambazo samaki huacha. Ziwa Victoria, ambalo nalo si angavu, sangara hukadiriwa kwa mawimbi ya sauti kutoka melini.

Wafugaji wa samaki wa Kitengela na Ongata Rongai nao wasikimbilie kununua kamera. Maji ya kidimbwi kilichorutubishwa vizuri ni ya kijani, na kijani hicho ni chakula. Tumbukiza mkono wima: vidole vikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kamera haitaona kitu. Njia ya kukokota wavu mdogo, kupima uzito wa samaki kadhaa na kuwarudisha majini bado ndiyo bora kwa kujua kiasi cha chakula cha kuwapa.

Watafiti wakija kwenu

Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya uvuvi, na serikali ya kitaifa kazi ya kulinda mazingira na maliasili. Utafiti wa samaki wa nchi hii uko zaidi mikononi mwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, na vyuo vikuu. Mtu yeyote anayekuja kufanya utafiti, awe Mkenya au mgeni, anatakiwa kuwa na leseni ya NACOSTI chini ya sheria ya mwaka 2013 ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na masharti ya leseni humtaka kuwaarifu viongozi wa kaunti kabla ya kuanza. Mkaazi ana haki ya kuomba kuiona. Ukikuta mtu anaweka vifaa kwenye chemchemi bila barua yoyote, mjulishe chifu au ofisi ya wadi.

Mambo mengine ya kuuliza ni mepesi. Kamera zitawekwa wapi, na je, ni mahali mifugo inaponywa? Zitakaa kwa muda gani? Zinanasa watu wanaooga au kuchota maji? Vifaa vimeoshwa tangu vilipotumika mara ya mwisho kwenye ziwa jingine? Na video itahifadhiwa wapi baada ya watafiti kuondoka?

La mwisho ni ombi ambalo wazee wa Magadi wanaweza kulitoa bila kuona haya. Ripoti ya utafiti huandikwa kwa Kiingereza na wachache huisoma. Video haihitaji kusomwa. Mtafiti aliyerekodi saa 50 za samaki anaweza kurudi na kompyuta moja, kitambaa cheupe na jenereta, akaonyesha dakika 20 kwenye baraza, na mzee aliyeinywesha mifugo yake kando ya chemchemi hizo miaka 60 akamwambia kama samaki anaowaona ni wengi au ni wachache kuliko zamani.